Betri ya Mzee Brinkmann

Mechthild Kaldewei alikuwa mtu wa kuhesabu. Si fedha, maana hizo hazikuwa nyingi za kumchosha, bali vile vitu vidogo ambavyo watu wengine huviacha vipite: sahani imerudi na chakula kiasi gani, mlango wa juu umefunguka mara ngapi tangu asubuhi, mwanawe ametamka maneno mangapi leo. Siku njema yalifika thelathini. Siku mbaya ilikuwa "ndiyo", "hapana", na mlango.

Umri wake ulikuwa miaka hamsini na sita. Shule aliiacha akiwa na kumi na tano, akaingia kwenye chumba cha dobi cha nyumba ya wazee mjini Soest, na humo ndimo alimokuwa hadi sasa, akikunja mashuka na kushona vibandiko vya majina kwenye kola za watu ili shati la huyu lisiende kwa yule. Mumewe alihama zamani kwenda kuishi na mwanamke mwingine Kassel. Akabaki yeye na Arndt katika nyumba nyembamba ya matofali kijijini Niederhove, kilomita saba kutoka mjini.

Arndt alikuwa na miaka thelathini na tatu. Aliwahi kuanza kujifunza ufundi umeme, akafika mwaka wa pili. Hakuna aliyempiga wala kumfukuza. Asubuhi moja alivaa buti, akashika kitasa cha mlango wa nje, akasimama pale mpaka basi likapita. Kesho yake hivyo hivyo. Siku ya tatu alivua buti, akaziweka pembeni polepole, moja kando ya nyingine, akapanda juu. Madaktari waliupa ugonjwa wake majina, na karatasi za majina hayo Mechthild alizitia kwenye droo ya vijiko. Watu walimtumia Arndt redio na vinanda vya umeme kwa posta, akavitengeneza, akavirudisha kwa posta. Mikono ilifanya kazi. Miguu ndiyo iliyokataa kuvuka kizingiti.

Isipokuwa Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi.

Siku hiyo alikuwa anashuka mwenyewe saa saba mchana, amenyoa ndevu, amebeba mkoba wa waya na chuma cha kulehemu, anaingia kwenye gari la mama yake bila kuambiwa. Walikuwa wakienda mjini, kwenye ukumbi mdogo nyuma ya kanisa, mahali chama kilipokutana.

Kilikuwa chama cha watu wanaotumia mfumo mmoja wa kompyuta uliokwisha kuzeeka. Kampuni iliyoutunga ilifilisika wakati Arndt bado anavaa nepi. Dunia nzima ikahamia kwenye mashine nyingine, hizo nazo zikatupwa, zikaja nyingine tena. Wao wakabaki. Chama kilikuwa kimeandikishwa mahakamani, kina muhuri, kina mwenyekiti, katibu na mweka hazina, na ajenda yake ilitoka kwenye printa iliyopiga kelele kama cherehani. Zamani walikuwa watu sitini. Sasa walikuwa tisa, na wawili kati ya hao hawakuwa wakija wakati wa barafu.

Mechthild hakuwa mwanachama. Alikuwa akioka keki ya tufaha ya sinia nzima, akaipeleka, kisha akakaa jikoni kwenye ukumbi huo akijifanya anaosha vikombe. Baina ya jikoni na ukumbi palikuwa na kidirisha cha kupitishia vyombo. Hapo ndipo aliposimama kwa miaka tisa, mkono mmoja ndani ya maji, masikio yote mezani.

"Ludger, mashine yako imelala tena?" Huyo alikuwa Irmgard Sasse, katibu, mwalimu mstaafu wa hesabu.

"Haijalala, inafikiri. Wewe ukiulizwa swali unajibu hapo hapo?"

"Ikiendelea kufikiri hivyo tutaiitia padri."

"Mwache padri na kazi zake. Mke wangu naye kaniambia jana, Ludger, tafuta kompyuta mpya. Nikamwambia, mama, shukuru Mungu umeolewa na mtu asiyebadilisha kitu kwa sababu tu kimezeeka. Akaninyima supu."

Ludger Hoppe alikuwa tarishi wa posta kabla ya kustaafu, na sasa ndiye mweka hazina. Na Arndt, ambaye nyumbani maneno yalimtoka kama sarafu kwa bahili, alikuwa akicheka. Mechthild alikihesabu kile kicheko pia.

Lakini yule hasa aliyemtoa Arndt nyumbani alikuwa mwenyekiti, Eberhard Brinkmann. Mzee wa miaka sabini na saba, mjane, aliyekuwa mtoa ishara wa treni relini maisha yake yote. Zamani Arndt alikuwa ameandika barua kwenye jarida la chama, kuuliza habari za kifaa fulani. Brinkmann akamjibu kwa barua. Wakaandikiana mwaka mzima, mmoja akiwa kilomita saba tu kutoka kwa mwenzake, na mzee hakumwuliza hata mara moja kwa nini haji. Mwishoni akaandika: "Nina mashine mbili zinazonishinda. Jumamosi nitaziacha mezani, wazi. Kiti kilicho karibu na ukuta hakina mtu." Arndt akaja, akaketi karibu na ukuta, kando ya Brinkmann. Tangu siku hiyo hapo ndipo alipokuwa akikaa.

Chama hicho kilikuwa na desturi moja ambayo hawakuifanyia mzaha, hata Ludger. Ndani ya kila mashine mlikuwa na betri ndogo ya mviringo, nene kama kidole gumba, kazi yake kushika saa na tarehe wakati mashine imezimwa. Mashine ikiwashwa mara kwa mara, betri hushiba na kutulia. Ikikaa gizani miezi mingi, betri huoza, hutoa maji makali, na maji hayo huila bodi, kibao cha saketi ndani ya mashine, kimya kimya mpaka njia zake za shaba zikatike. Kwa hiyo mtu akiugua, au akisafiri kwa muda mrefu, mashine yake hukatwa betri. Hukatwa kwa neno la mwenyewe tu. Bila neno lake hakuna ruhusa ya kulegeza hata skrubu moja, wala kuiwasha. Neno hilo huandikwa kwenye daftari jeusi: limetolewa na fulani, siku fulani, imekatwa na fulani. Baada ya hapo mashine ikiwashwa haijui tena leo ni lini. Huamka ikidhani ni Januari mosi ya mwaka sabini na nane. Kwa sababu hiyo wengine hawakupenda kutoa neno. Kumwambia mtu "nikatie" ni kukubali kwamba hutarudi karibuni.

Mechthild aliyasikia hayo yote kupitia kidirisha, kama mtu anavyosikia mahubiri ya dhehebu si lake.

Septemba moja Brinkmann akaanguka bafuni. Kiharusi. Upande wa kulia ukafa, ulimi ukawa mzito, akili ikabaki palepale. Baada ya hospitali wakampeleka kwenye nyumba ya wazee, ile ile ya Mechthild. Mashine yake, ambayo siku zote ilikaa ukumbini, wenzake wakaishusha kwenye stoo chini ya kanisa, wakaifunika shuka, wakasubiri neno.

Arndt hakuweza kwenda kumwona. Alijaribu. Jumanne moja alivaa koti, akafika mpaka kwenye gari, akashika mlango wake kwa muda, akarudi ndani. Kwa hiyo Mechthild akawa mjumbe. Kila alipopeleka mashati safi chumba namba kumi na nne, alikaa kitini kidogo, akasikiliza, akarudi nyumbani na salamu. Jioni Arndt alikuwa anashuka kumpokea. Anashuka bila kuitwa! Anasimama kwenye korido na soksi zake, anauliza: "Amesemaje?" Kwa mara ya kwanza tangu amkuze, mama huyo alikuwa na kitu ambacho mwanawe alikihitaji kila siku.

Katikati ya Oktoba, Brinkmann alimwambia: "Bibi Kaldewei, funga mlango kidogo."

Akafunga.

"Mimi sirudi tena mezani. Madaktari wanazunguka zunguka, lakini mguu umeshaniambia wenyewe."

"Usiseme hivyo, Bwana Brinkmann. Mpaka Pasaka utakuwa unatembea."

"Nimekaa relini miaka arobaini. Treni isiyokuja naijua." Alipumua, akakusanya maneno. "Sikiliza. Mwambie Arndt akate betri. Mwambie hivyo hivyo: akate. Mengine anayajua."

"Betri tu?"

"Betri tu. Na mimi nikiondoka, mashine ni yake. Lakini kwanza akate, maana stoo ile ina unyevu."

Mechthild aliendesha gari kurudi na neno hilo kifuani. Alikuwa mtu wa kuona mambo mabaya kabla hayajafika, na njiani aliliona hili lote kama picha ukutani: Arndt anasikia neno, anajua mzee harudi. Jumamosi inafika, kiti cha pembeni kitupu. Arndt hashuki. Buti pembeni, moja kando ya nyingine. Na safari hii hakuna wa kumwandikia barua mwaka mzima. Kwa upande mwingine, betri ni nini? Betri alizijua. Alikuwa na moja kwenye saa ya jikoni, ikiisha unanunua nyingine dukani.

Arndt alikuwa kwenye korido. "Amesemaje?"

"Anakusalimu. Anasema anaendelea vizuri."

"Hakusema kitu kuhusu betri?"

"Hakusema."

Lilimtoka kabla hajalipima. Pengine angelirudisha hapo hapo, kama si Arndt kutabasamu. "Basi anategemea kurudi," alisema, akapanda ngazi mbili mbili kama mtoto wa shule. Tabasamu lile ndilo lililofunga mlango.

Wiki mbili kabla ya Krismasi, Brinkmann aliuliza: "Amekata?"

"Amekata," alisema Mechthild, akimfungia vifungo vya shati.

"Hakuhuzunika?"

"Kidogo."

"Kijana yule ana mkono mwepesi. Wengine wangeivuta wang'oe na bodi." Mzee akafumba macho, uso umelegea kwa faraja, na Mechthild akajiambia kwamba hakuna aliyedhulumiwa. Huku mmoja anafurahi, kule mwingine ametulia. Mjumbe hauawi, wanasema, kwa kuwa maneno si yake. Mechthild sasa alikuwa mjumbe ambaye maneno yalikuwa yake.

Mwaka mzima ukapita hivyo. Arndt aliuliza mara tatu tena, na kila mara uongo ulikuwa mwepesi kuliko uliotangulia. Kila Jumamosi ya kwanza alienda kwenye chama, akakaa pembeni mwa kiti kitupu, na Mechthild akamwona kupitia kidirisha akicheka. Alihesabu, akaona hesabu inamkubalia.

Brinkmann alifariki mwezi wa Februari, asubuhi, akiwa anasubiri uji. Siku ya mazishi Arndt alivaa koti lililoachwa na baba yake na akaenda. Hakufika kaburini. Alisimama kwenye lango, penye pipa la maua yaliyonyauka, lakini alisimama mpaka mwisho, na mama yake alimshukuru Mungu kwa hatua zile.

Kisha ikaja Jumamosi ya kwanza ya Machi. Binti wa marehemu, Ulrike, alikuwa ameandikia chama: baba yake ametaka mashine yake apewe Arndt Kaldewei. Ludger na mwenzake wakaipandisha kutoka stoo, wakaiweka katikati ya meza, wakaondoa shuka. Irmgard aliwasha mshumaa. Watu saba walisimama kimya kwa dakika nzima. Jikoni Mechthild alikuwa anakata keki, kisu kikisita kwenye kila kipande.

"Lakini daftarini hakuna kitu," alisema Ludger baada ya kimya. "Eberhard hakutoa neno. Ajabu, mtu makini namna ile."

"Binti ameandika," alisema Irmgard. "Neno hilo linatosha. Fungua, Arndt."

Arndt akalegeza skrubu, moja baada ya nyingine, akazipanga kwenye kisosi. Akainua kifuniko. Harufu ikatoka, kama ya samaki aliyesahauliwa, ikafika mpaka jikoni. Mechthild aliinua macho, akauona mkono wa mwanawe umesimama hewani.

Kona yote ya kushoto ya bodi ilikuwa imefunikwa na ukoga wa kijani na buluu, mzito, kama ule wa mapaa ya shaba ya makanisa. Betri ilikuwa imepasuka ikawa kama chumvi. Arndt aligusa kwa ncha ya bisibisi, na kipande cha njia ya shaba kikabanduka kama gamba.

"Mungu wangu," alisema Irmgard.

Uso wa Ludger ulikuwa mwekundu. Alikuwa amemzika rafiki wa miaka thelathini na tano, na hasira ilitafuta pa kuangukia. "Miezi kumi na sita! Miezi kumi na sita chini ya kanisa, na fundi tunaye hapa amekaa! Nani asiyejua betri? Hata mke wangu anajua!"

"Hakutoa neno," alisema Arndt.

"Ungemwuliza!"

"Nilimwuliza."

"Lini? Lini, kijana? Alilala kilomita moja kutoka hapa. Mimi nilikwenda kila Alhamisi, sikukuona hata kivuli. Mtu alikutoa shimoni kwa mikono yake, na wewe hukuweza kuvuka barabara kumwuliza neno moja!"

"Ludger, inatosha," alisema Irmgard.

"Haitoshi! Na mimi nilimkatazia Eberhard habari za chama, nikasema asichoshwe. Kama ningejua!"

Arndt alianza kukunja waya zake. Alizikunja polepole, akaziweka mkobani moja kando ya nyingine, na chuma cha kulehemu juu yake. Mechthild aliijua mikono ile. Aliiona asubuhi ile ya buti.

Hapo alielewa mambo mawili kwa mkupuo. La kwanza, kwamba mkoba ule ukifungwa hautafunguliwa tena mezani pale. Jambo alilodanganya miezi kumi na sita ili lisitokee, lilikuwa linatokea mbele ya macho yake, na yeye ndiye aliyelileta. La pili, kwamba angeweza kukaa kimya. Marehemu hasemi. Angempeleka mwanawe nyumbani, angemfariji, angempikia, na Arndt angebaki wake mpaka mmoja wao afe. Atakuwa anaamini kwamba mzee alimsahau, au kwamba yeye mwenyewe ni mtu wa bure. Lakini atakuwa juu, salama.

Aliweka kisu. Akafuta mikono, akapita mlangoni, ingawa kwa miaka tisa alikuwa amesema nao kupitia kidirisha tu.

"Neno lilitolewa," alisema.

Wakageuka wote.

"Mama, si sasa," alisema Arndt.

"Ni sasa. Alilitoa Oktoba ile ile. Tarehe kumi na saba, Jumatano, nilikuwa nimempelekea mashati. Akaniambia nifunge mlango. Akasema, mwambie Arndt akate. Akasema harudi tena mezani. Nami sikukuambia."

Arndt alikuwa ameshika mkoba kwa mikono miwili. "Nilikuuliza."

"Uliniuliza mara nne. Nikasema hakusema kitu."

"Kwa nini?"

"Niliogopa ukijua harudi, na wewe hutarudi." Aliitazama bodi. "Nilidhani ni betri tu, ya kununua. Sikujua kitu hiki kinakula. Mlisema humu ndani, nami nilisikia, lakini nilisikia kama asiyehusika. Bwana Hoppe, usimlaumu mwanangu. Ni mimi."

Ludger akavuta kiti, akaketi kama mzee kweli.

"Naye?" aliuliza Arndt. "Hakuuliza?"

Swali hilo ndilo Mechthild alilokuwa akiliomba lisije.

"Aliuliza. Kabla ya Krismasi. Nikamwambia umekata."

"Akasemaje?"

"Akasema una mkono mwepesi. Akasema wengine wangeivuta wang'oe na bodi. Akalala vizuri."

Nje, kengele ya kanisa ilipiga ya robo saa.

"Basi alikufa ananishukuru," alisema Arndt taratibu, "kwa kazi ambayo sikuifanya."

Mechthild alitamani mwanawe apige kelele, avunje kikombe. Arndt hakufanya hivyo. Kisha akafungua mkoba tena, akatoa mkasi wa waya.

"Irmgard, nipe daftari."

Irmgard akamsogezea daftari jeusi. Arndt aliandika kwa herufi zake ndogo, zilizosimama wima. Irmgard akasoma kwa sauti, kama ilivyokuwa desturi yao: "Neno limetolewa na Eberhard Brinkmann, tarehe kumi na saba Oktoba. Halikufika. Imekatwa leo, kwa kuchelewa, na Arndt Kaldewei."

Jina la mama yake hakuliandika. Mechthild hakujua kama ile ilikuwa huruma au adhabu, na hakuuliza.

Arndt akakata kilichobaki cha betri, upande huu na upande ule, akakitia kwenye kisosi kingine. Kisha akaitoa bodi nzima, akaifunga kwenye gazeti.

"Arndt," alisema Ludger. "Mwanangu. Yale niliyosema."

"Ulisema kweli. Sikuvuka barabara."

"Hata hivyo."

"Hata hivyo," alisema Arndt, akavaa koti. Akamgeukia mama yake, lakini macho yake hayakupanda juu ya aproni. "Nenda nyumbani, Mama."

"Na wewe?"

"Nina miguu."

"Kilomita saba! Na mvua ile ya theluji?"

"Nenda, Mama."

Alikwenda. Kwenye kila kona aliangalia kioo cha nyuma, na mara mbili alitaka kusimama, lakini hakusimama. Arndt alifika saa kumi na moja na nusu, suruali imelowa mpaka magotini, bodi kavu chini ya koti. Alichukua chupa ya siki kabatini, akapanda juu nayo bila kusema, maana siki ndiyo inayoua yale maji ya betri. Usiku ule nyumba nzima ilinuka achari.

Siku nne hakusema neno. Mechthild alikuwa akiweka sahani kwenye ngazi, sahani zikarudi zimeliwa nusu. Siku ya tano Arndt alishuka, akasimama kwenye mlango wa jikoni.

"Usinibebee tena maneno," alisema. "Ya kwenda wala ya kuja. Hata yakiwa mazuri."

"Sitakubebea."

"Na Jumamosi usije."

Alikuwa ametarajia hilo, na bado lilimwingia kama mwiba. "Sitakuja," alisema. Alitaka kuongeza kitu kuhusu miaka tisa, kuhusu uchungu wa mwana. Akaona kwamba yote yale yangekuwa ni kujitetea, akageukia sinki.

Jumamosi ya kwanza ya Aprili Arndt alivaa buti, akashika kitasa cha mlango wa nje. Mechthild alikuwa chumba cha nyuma, alipokuwa amejifungia mwenyewe ili asimwangalie, akasikia kitasa, kisha kimya. Kimya kikawa kirefu. Aliuma kiganja chake. Basi likasikika likija kutoka kilimani, likapunguza mwendo. Kisha mlango ukafunguka, na ukafungwa.

Alirudi jioni. Hakusimulia nani alikuwepo wala walicheka nini. Mechthild alimpakulia, akakaa naye, akahesabu vijiko kwa sababu hakuweza kuacha kuhesabu mara moja. Arndt alikula, akafuta mdomo. Vidole vyake vilikuwa na alama za moto wa kulehemu. Bodi alikuwa ameshaiunga njia ishirini na sita, waya mwembamba kama unywele juu ya kila njia iliyokufa, na mashine bado haikuwaka. Pengine isingewaka kamwe. Hilo alilisema mwenyewe, bila kuulizwa.

Kisha akasema, "Kesho nakwenda Lippstadt. Kwa Ulrike, binti yake. Lazima ajue. Baba yake aliniachia kitu kizima."

"Nikupeleke?" Lilimtoka kabla hajalizuia.

"Hapana." Hakukasirika. Alinyoosha mkono, akachukua mkate mwingine. "Basi la Jumapili linapita saa ngapi?"

Mechthild aliijua ratiba yote kwa moyo, tangu enzi za shule ya Arndt. Alijua pia kwamba Jumapili mabasi ni mawili tu, kwamba Ulrike anaweza asiwepo, kwamba kituo cha Lippstadt hakina paa upande wa mvua, na kwamba mtu akisikia hayo yote anaweza kusema basi nitakwenda siku nyingine. Au angeweza kuyalainisha. Angeweza kusema, yako mengi, usijali.

"Saa nne na dakika kumi," alisema. "La kurudi ni saa kumi jioni. Hakuna jingine baada ya hapo."

"Saa kumi," alisema Arndt, akahesabu kichwani. "Ni kusubiri kwingi."

"Ndiyo," alisema Mechthild. "Ni kwingi."